Nta za silikoni kwenye krimu: yasemwayo na yaliyo kweli

"Silikoni huziba ngozi isipumue." Hili nalisikia zaidi, tena hata kwa wauzaji wa vipodozi. Ngozi haipumui kama pafu. Oksijeni yake huletwa zaidi na damu. Silikoni hutanda juu na kupunguza unyevu unaopotea hewani. Marekani inaitambua daimethikoni, silikoni ya kawaida kwenye vipodozi, kuwa kinga ya ngozi kwa kiwango cha asilimia 1 hadi 30, na utaikuta hata kwenye baadhi ya krimu za vipele vya nepi.

"Silikoni zote ni plastiki ileile." Hapa twende taratibu. Uti wa molekuli ya silikoni ni atomi za elementi ya silikoni (kwa Kiingereza silicon) na oksijeni zilizopangana kwa zamu. Uti huo ukiwa na vikundi vidogo tu vya methili (kaboni moja na haidrojeni tatu), unapata daimethikoni ya kawaida, isiyopatana na mafuta ya nazi: yachanganye kwenye chupa, yatikise, baada ya muda yatajitenga. Ukipachikwa minyororo mirefu ya kaboni, inapatikana nta, na minyororo hiyo ndiyo inayoshikana na mafuta ya mimea. Stearili daimethikoni, yenye kaboni 18 kwenye mnyororo, huyeyuka karibu na joto la ngozi. Imeganda koponi, inalainika kidoleni. Zenye kaboni 30 hadi 45 zinahitaji joto kubwa zaidi, kwa hiyo husaidia rangi ya mdomo isilegee mkobani wakati wa joto la Dar es Salaam au Mombasa.

"Silikoni haitoki ngozini." Maji matupu hayaitoi, kweli. Sabuni inaitoa.

"Basi haina neno lolote." Nalo si sahihi. Silikoni za duara ziitwazo D4 na D5 hudumu mno kwenye mazingira, na tangu 2020 Umoja wa Ulaya umeziwekea kikomo cha asilimia 0.1 katika vipodozi vya kuoshwa na maji. Nta si hizo, lakini mtengenezaji makini humuuliza msambazaji mabaki ya D4 na D5 ni kiasi gani.

"Isiyo na silikoni ndiyo salama." Hili linaniumiza. Mtu anarudisha losheni dukani kwa sababu ya daimethikoni, kisha ananunua krimu ya kung'arisha ngozi isiyo na orodha ya viambato. Humo ndimo hukutwa zebaki na haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zilizopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya. Zebaki hupenya ngozi, huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni.