Kusoma Biolojia Uingereza Ukitokea Marekani: Ufafanuzi kwa Waombaji na Wazazi

Tangu fomu ya UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu vya Uingereza, ibadilishwe kwa udahili wa 2026, dawati letu la wanafunzi wa kimataifa linapokea maswali yaleyale kutoka kwa familia zilizoko Marekani, zikiwemo za Waswahili wenzetu. Mengi yana jibu moja: Uingereza huombi chuo, unaomba somo. Fomu ni moja, nafasi za kuchagua kozi ni tano, na maelezo binafsi ni yaleyale kwa zote tano. Ukiweka Biolojia mbili, Saikolojia moja na Biashara mbili, kila msomaji wa chuoni ataona humtaki yeye.

Insha uliyoandikia vyuo vya Marekani haifai kuletwa huku. Sasa maelezo binafsi yana maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini cha kukusaidia. Herufi zote zisizidi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue 350. Nilisoma moja ambayo nusu nzima ilikuwa ukapteni wa mpira wa kikapu na safari ya kumwona bibi. Bibi tunamheshimu. Lakini mwishoni kabisa kijana akagusia kwamba jaribio lake la DNA kwenye jeli lilitoka tupu, akalirudia mara mbili hadi akagundua bafa, yaani kimiminika cha kuendeshea jaribio, ilichanganywa vibaya. Hilo ndilo lingekaa juu!

Na tafadhali, Biolojia si chumba cha kusubiria udaktari. Huku udaktari huombwa moja kwa moja kutoka sekondari, na anayetaka kuhamia huko baada ya shahada hupigania nafasi chache. Kubadili kozi katikati, kama mlivyozoea Marekani, si haki ya mwanafunzi.

Diploma ya sekondari peke yake kwa kawaida haitoshi, hata GPA, yaani wastani wa alama, ikiwa nzuri. Vyuo vingi hutaka mitihani ya AP, ile ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari Marekani, mara nyingi mitatu, Biolojia ikiwemo. Cambridge hakuna shahada ya kwanza iitwayo Biolojia. Unaomba Sayansi Asilia na kufanya ESAT, mtihani wa kujiunga wa sayansi na uhandisi. Huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Mwisho wa hizo mbili ni tarehe 15 Oktoba, saa 12 jioni ya Uingereza, yaani saa 6 mchana Dallas, mtoto akiwa darasani. Vyuo vingine ni Januari. Saa hiyo haisogezwi kwa sababu intaneti ilikatika.

Upande wa viza, ombi halipokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya kozi kuanza, na lazima uwe na namba ya CAS, yaani uthibitisho wa kupokewa, kutoka chuoni. Tozo ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, nayo hulipwa yote kwa mkupuo kwa muda wote wa viza. Kinachoangaliwa ni pasipoti, si anwani. Raia wa Marekani kwa kawaida hatakiwi kuambatisha uthibitisho wa fedha, ingawa anaweza kuombwa wakati wowote. Mwenye pasipoti ya Kenya au Kongo aliye na grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, huambatisha: ada ya mwaka wa kwanza inayodaiwa pamoja na fedha za kujikimu, zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hesabu isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Siku moja salio likishuka kwa sababu baba amelipa kodi ya nyumba, ombi linaweza kukataliwa. Taarifa ya benki ya kughushi inaweza kumfungia mwombaji asipate viza miaka 10.

Aliyekaa Kenya, Tanzania au Kongo miezi sita au zaidi mara tu kabla ya kuomba atatakiwa cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Cheti cha daktari wa familia hakikubaliki. Tumeshasema hili mara nyingi.

Mwenye grini kadi atakayekaa nje zaidi ya mwaka bila kurudi aombe kibali cha kurejea Marekani kwa fomu I-131. Fomu hiyo huwasilishwa akiwa bado ndani ya Marekani, si akishafika London.