Kitufe cha SPORT hakigusi springi: tunayoyakosea kuhusu shokapu zinazobadilika

Tanga ya leo ina Crown Athlete, Mark X na Subaru za kutosha, na wapenzi wa magari wakikutana, iwe Ngamiani au Raskazone, mjadala wa kitufe cha SPORT, kile cha kubadilisha tabia ya gari, haukosekani. Mengi yanayosemwa humo si kweli. Mengine ni ya hatari kabisa kwa mtu atakayeyaamini akiwa anashuka Lushoto kwenda Mombo na familia yake garini, na watu kama huyo ndio ninaowaandikia.

"Ukibonyeza SPORT, springi zinakaza"

Hii ndiyo mama wa dhana zote zinazofuata. Springi ya chuma haina waya wala mota. Ugumu wake umepangwa kiwandani na utabaki ule ule, ubonyeze usibonyeze. Kinachobadilika ni shokapu, na shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuupunguza mwendo wa springi. Springi inapobanwa au kuachia, pistoni iliyo ndani ya shokapu husukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na ile shida ya mafuta kupita ndiyo inayozima mdundo. Anayejaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anaijua tabia hii: ukisukuma taratibu inakubali, ukisukuma kwa kasi inagoma.

Kwenye shokapu zinazobadilika, kompyuta ya gari ndiyo huamua mafuta yapite kwa shida kiasi gani. Njia kubwa ni mbili. Moja ni kupanua au kubana njia ya mafuta kwa vali inayoendeshwa na umeme. Toyota walikuwa na mfumo wa aina hiyo, TEMS, kwenye Soarer tangu 1983, na mfumo wao wa baadaye, AVS, umo kwenye baadhi ya matoleo ya Mark X na Crown Athlete. Njia nyingine ni mafuta yenye chembechembe za chuma. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku, chembe zinajipanga, na mafuta yanakuwa mazito papo hapo. MagneRide, iliyoanza na Cadillac Seville STS ya mwaka wa modeli 2002, inafanya kazi hivyo.

"Kwenye SPORT gari halilali kwenye kona"

Hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Shokapu hutoa nguvu pale tu inapokuwa inatembea. Ukiwa katikati ya kona ndefu na mwendo haubadiliki, gari limeshalala kiasi chake na limetulia, kwa hiyo shokapu haitembei tena na haina mchango wowote. Kiasi cha kulala huamuliwa na springi, stabilaiza (ile fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia), na kimo cha uzito wa gari. SPORT haikipunguzi.

Inachobadilisha ni kasi ya kulala na kuinuka. Panda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto: kona zinapokezana, kushoto, kulia, kushoto. Gari ambalo halijatulia kutoka kona ya kwanza huingia ya pili bado likiyumba, na dereva anajikuta akirekebisha usukani mara mbili mbili. Shokapu zikiwa zimekaza, mwili wa gari unatulia mapema na usukani unajibu mara moja. Ukikanyaga breki ghafla, pua nayo huinama polepole zaidi. Faida hizo ni za kweli na nazithamini.

Lakini tairi ni zile zile. Kona inayoweza kukutoa barabarani ukiwa NORMAL, yaani modi ya kawaida, inaweza kukutoa ukiwa SPORT, tena kwenye SPORT gari huonekana limetulia hadi dakika ya mwisho, na dereva akadhani ana akiba ambayo hana. Kwenye mteremko ule wa Soni, sioni kosa kubwa kuliko hilo.

"Gari gumu ndilo linaloshika barabara"

Kwenye lami laini, hoja hii ina ukweli ndani yake. Toka Muheza upande Amani, ufike kwenye vumbi, na inageuka. Tairi inatakiwa ifuate kila shimo na kila jiwe. Shokapu iliyokaza inaichelewesha, na tairi inaanza kurukaruka. Tairi iliyo hewani haina breki wala usukani. Juu ya hilo, kishindo ambacho shokapu laini ingekimeza kinapelekwa kwenye bushi, rimu na mgongo wako. Njia kama hiyo, na zile rasta (matuta madogo yanayofuatana) za vijijini njia ya Segera, ni za NORMAL au COMFORT, yaani modi laini.

"COMFORT ni ya wazee, gari linabaki kama godoro"

Kwenye mifumo mingi ya sasa, modi haifungi shokapu kwenye ugumu mmoja. Kila modi ina wigo wake, na ndani ya wigo huo kompyuta inasoma sensa za magurudumu na mwili wa gari na kubadilisha shokapu mara nyingi kwa sekunde. Ukifunga breki za ghafla ukiwa COMFORT, nyingi hukaza zenyewe.

"Kila SPORT inagusa shokapu"

Hapana. Mfumo wa SI-Drive wa Subaru hubadilisha mwitikio wa injini, na kwenye baadhi ya magari namna giaboksi inavyobadili gia. Kitufe cha PWR kwenye Toyota nyingi nacho ni cha gia. Anayesema gari lake lilikaza baada ya kukibonyeza amehisi injini.

"SPORT inashusha gari"

Kwa kawaida ni kwa magari yenye springi za hewa, nayo si yote. Lenye springi za chuma litapita juu ya tuta kwa kimo kile kile.

"Nilinunua yenye AVS, kwa hiyo ninayo"

Haya ni magari yaliyotumika kabla ya kufika kwetu. Shokapu za mfumo huu ni ghali, na zikifa mara nyingi hufungwa za kawaida, soketi ya umeme ikaachwa ikining'inia. Kitufe kinaweza kuendelea kuwaka, ila hakuna kinachokitii. Kabla ya kulipa, mwambie fundi atazame juu ya shokapu au ubavuni mwake: yenye umeme ina waya unaoingia ndani. Atazame zote nne, kwa sababu wapo wanaobadilisha za mbele tu. Na kama gari ni gumu kwenye kila modi, angalia rimu kabla ya kulaumu shokapu. Tairi nyembamba juu ya rimu kubwa haina kitufe cha kuilainisha.