Kemikali za plastiki zinazovuruga homoni: maswali na majibu

Ni kemikali zipi hasa zinazozungumziwa, na ziko wapi?

Zinazotajwa zaidi ni mbili. Ya kwanza ni bisfenoli A, inayojulikana kwa herufi BPA. Hiyo ndiyo malighafi ya polikaboneti, plastiki ngumu inayopenyeza mwanga kama kioo, ambayo hutengenezewa baadhi ya madumu makubwa ya maji yanayopinduliwa juu ya dispensa. Imetumika pia katika utando unaopakwa ndani ya makopo ya vyakula ili bati lisishike kutu, na katika karatasi za risiti zinazochapwa kwa joto. Ya pili ni thaleti, ambazo kwa kweli ni kundi zima la kemikali zinazochanganywa na plastiki ya PVC ili iwe laini na inyumbulike, kama ilivyo mirija ya dripu hospitalini na vitambaa vya plastiki vya mezani. Kwa kuwa thaleti hazishikamani imara na plastiki yenyewe, huchuruzika polepole, na chakula chenye mafuta huzipokea kwa wepesi zaidi.

Je, ni kweli kwamba BPA hufanya kazi kama homoni, au ni uvumi wa mitandaoni?

Ni kweli, na jambo hili lilijulikana kabla BPA haijaingia jikoni. Katika miaka ya 1930 mwanakemia Mwingereza Edward Charles Dodds, akitafuta dawa ya kuchukua nafasi ya estrojeni, aligundua kwamba BPA huamsha mwili wa panya kama homoni hiyo ya kike, ingawa kwa nguvu ndogo. Mwaka 1938 alitangaza kemikali nyingine yenye nguvu zaidi, DES, estrojeni ya kutengenezwa maabara, ambayo baadaye wajawazito wengi walipewa kwa matumaini ya kuzuia mimba kuharibika. Mwaka 1971 madaktari wa Boston walionyesha kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na akina mama hao walipata saratani adimu ya uke wakiwa bado wasichana. BPA si DES, wala kiasi kinachotoka kwenye kopo hakilingani na kidonge. Lakini tukio hilo lilithibitisha kwamba kemikali ya aina hii ikimfikia mtoto tumboni, madhara yake yanaweza kujificha kwa miaka mingi.

Kiasi kidogo namna hiyo kinawezaje kudhuru?

Tumezoea kufikiri kwamba sumu hupimwa kwa wingi wake, na kwa sumu nyingi hivyo ndivyo ilivyo. Homoni zina taratibu zake. Estrojeni katika damu ya mwanamke hupimwa kwa pikogramu, yaani sehemu za trilioni za gramu, na kwa kiasi hicho huongoza hedhi, mifupa na ukuaji wa matiti. Kemikali inayoigiza homoni haihitaji kuwa nyingi ili isikike. Zaidi ya hayo, mara nyingine dozi ndogo huleta athari ambayo dozi kubwa haileti, kwa sababu mwili ukizidiwa huzima vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa homoni. Kwa hiyo majaribio ya dozi kubwa peke yake hayatoshi kutuhakikishia usalama. Kwa mtu mzima mvurugo mdogo huweza kurekebishika, lakini kwa kijusi, ambacho viungo vyake vya uzazi na ubongo vinajengwa kwa amri za homoni, wiki chache zikipita hazirudi.

Kwa binadamu, ushahidi una uzito gani?

Hapa inafaa kwenda taratibu. Tafiti nyingi huhusisha BPA na kisukari cha aina ya pili, unene na maradhi ya moyo, ila anayekula sana vyakula vya makopo na vya viwandani hula pia sukari na chumvi nyingi, na si rahisi kutenganisha kisababishi kimoja na kingine. Kwa maoni yangu, ushahidi kuhusu thaleti na viungo vya uzazi vya watoto wa kiume ni mzito zaidi, kwa kuwa yanayoonekana kwa watoto hao yanafanana na yaliyokwisha kuonekana kwa panya.

Hata wadhibiti hawakubaliani. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha BPA kinachovumilika kwa siku hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, mara 20,000 chini ya kile cha awali. Taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari ikapinga, na kupendekeza kiwango kikubwa mara 1,000 kuliko hicho.

Kufunika wali kwa mfuko wa plastiki, au kupika matoke ndani ya kaveera, kuna hatari?

Mifuko hiyo kwa kawaida ni ya polithini, ambayo haitengenezwi kwa BPA. Hata hivyo, mfuko usiokusudiwa chakula unaweza kuwa na wino, rangi na mabaki ya plastiki iliyorejelezwa, na mvuke wa sufuria huyapeleka kwenye chakula. Jani la mgomba hufunika chakula vilevile, bila wino wala rangi hizo. Joto ndilo la kuogopwa zaidi: mwaka 2008 watafiti wa Cincinnati walionyesha kwamba chupa za polikaboneti zikitiwa maji yanayochemka huachia BPA kwa kasi iliyofikia mara 55 ya ile ya maji ya kawaida. Uji wa mtoto upoe kwanza kwenye bakuli la bati au la udongo.

Chupa imeandikwa kuwa haina BPA. Inatosha?

Si lazima. Viwanda vingi vilihamia BPS, ndugu yake wa karibu, ambayo nayo huigiza estrojeni.

Nipime mkojo?

Hapana haja. Sehemu kubwa ya BPA hutoka mwilini ndani ya saa 24, hivyo kipimo kimoja kitaeleza tu ulichokula jana.