Lebo ya kilimo hai haimlishi nyuki

"Pakiti ya mbegu imeandikwa kilimo hai, basi nyuki wameshapata chakula." Hapana. Lebo ile inaeleza mmea mama ulivyolelewa na kwamba mbegu haikupakwa dawa za viwandani. Kilichomo ndani ya ua ni habari nyingine.

Chukua alizeti. Zipo aina zilizozalishwa kwa ajili ya wauza maua, hazitoi chavua kabisa ili zisichafue kitambaa cha meza. Mbochi, maji matamu ya ua, upo, lakini buu wa nyuki hakui kwa sukari tu. Protini yake ni chavua. Kisha yapo maua yenye petali tabaka kwa tabaka. Petali hizo za ziada mara nyingi ni stameni, yaani viungo vya ua vinavyotoa chavua, zilizogeuka. Nyuki anatua, anapapasa, anaondoka mikono mitupu, mikono yote sita. Kama ua lililochanua halionyeshi stameni katikati, liache dukani. Na mbegu chotara F1, kizazi cha kwanza cha mimea miwili tofauti iliyochavushwa pamoja? Si GMO, yaani mbegu zilizobadilishwa vinasaba maabara, na kilimo hai kinaziruhusu. Tusonge.

Kinachoniudhi ni mtu kukagua pakiti ya mbegu kama hakimu, halafu anabeba miche kumi iliyochanua bila kuuliza kitalu kiliipa nini. Imidakloprid na nduguze, dawa za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi, humwagwa kwenye udongo wa chungu, hupanda na maji mpaka kwenye mbochi na chavua. Kuosha majani ni kazi bure. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati ya dawa hizo kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018. Muulize mwenye kitalu: "Mche huu umetiwa dawa gani tangu mbegu?" Akisitasita, ondoka. Umeshanunua? Kata maua yote msimu wa kwanza. Hilo hupunguza hatari, haliiondoi; anayekuahidi idadi ya siku anabahatisha, maana dawa hiyo hukaa udongoni miezi, hata zaidi ya mwaka.

Na hapa nawaudhi wenzangu wa kilimo hai: kwa nyuki aliye juu ya ua, mbegu ya kawaida isiyopakwa dawa na ile ya kilimo hai hazitofautiani sana. Anayenufaika zaidi ni nyuki wa kule mbegu ilikozalishwa. Tena, spinosadi na pareto, dawa za asili za kuua wadudu, zinaruhusiwa kwenye kilimo hai, na zote huua nyuki zikiwa hazijakauka. Ukilazimika, nyunyiza jioni, kamwe si kwenye mmea uliochanua.

Mrehani na giligilani ziache zichanue badala ya kuzikatakata. Panda kila aina kwa fungu la mita moja ya mraba, si shina hapa shina pale. Matandazo yasifunike bustani nzima: spishi nyingi za nyuki huchimba viota ardhini, na huhitaji udongo mtupu unaopigwa jua.