Je, wafungwa 100 wanawezaje kuokoka kwa asilimia 31 wakati kila mmoja ana nafasi ya nusu tu?

Chemsha bongo yenyewe ni hii. Wafungwa 100 wamepewa namba 1 hadi 100. Chumbani kuna masanduku 100 yenye namba hizo hizo kwa nje, na ndani ya kila moja kuna karatasi yenye namba ya mfungwa mmoja, zimechanganywa ovyo. Kila mfungwa anaingia peke yake, anafungua masanduku yasiyozidi 50, anayaacha kama alivyoyakuta na kutoka bila kusema na mwenzake. Wote wakiona namba zao, wanaachiwa. Akikosa hata mmoja, wananyongwa wote. Wanaruhusiwa kupanga mbinu kabla hawajaanza kuingia, basi.

Fumbo hili lilizaliwa mwaka 2003 katika utafiti wa sayansi ya kompyuta wa Anna Gál na Peter Bro Miltersen. Mbinu ya kulitatua ilitoka kwa Sven Skyum.

Jibu la haraka ni kwamba wamekwisha. Nusu mara nusu, mara mia, inawaachia nafasi moja kati ya namba yenye tarakimu 31. Hesabu hiyo ni sahihi kama kila mtu anafungua kwa kubahatisha. Kosa linaanzia pale mtu anapodhani kwamba mbinu nzuri lazima imwongezee kila mfungwa bahati yake. Haiwezekani: anayefungua masanduku 50 kati ya 100 ana asilimia 50, afanye atakavyo. Kinachobadilika ni jinsi bahati zao zinavyoshikana. Watu 100 wakivuka bahari kila mmoja na mtumbwi wake, ni vigumu wote wafike. Wakipanda chombo kimoja, safari moja njema inawatosha wote.

Chombo hicho kinaundwaje? Mfungwa namba 29 aanze na sanduku namba 29. Akikuta humo 51, aende sanduku la 51. Akikuta 7, aende la 7, na kuendelea hivyo. Safari hii haiwezi kurudi katikati ya njia aliyokwisha kuipita, kwa sababu kila namba imo kwenye sanduku moja tu. Mahali pekee inapoweza kufungia ni sanduku la 29 alikoanzia, na karatasi inayomrudisha huko ndiyo anayoitafuta! Kwa hiyo kila mfungwa yumo ndani ya mzunguko wenye namba yake. Swali linabaki moja: je, mzunguko huo una masanduku yasiyozidi 50?

Mzunguko unaozidi 50 hauwezi kuwapo zaidi ya mmoja, maana miwili isingeenea katika masanduku 100. Uwezekano wa kuwapo mzunguko wa masanduku 51 ni 1/51, wa 52 ni 1/52, hadi 1/100. Ukijumlisha zote unapata takribani 0.69. Zinabaki asilimia 31 za kuokoka. Hata wafungwa wakiwa milioni moja, kila mmoja akiruhusiwa kufungua nusu ya masanduku, nafasi yao haishuki chini ya asilimia 30.6. Mwaka 2006 Eugene Curtin na Max Warshauer walithibitisha kwamba hakuna mbinu inayoishinda hii.

Tazama mambo yanapoharibika: wanakosa angalau 51 kwa mpigo, na wanaopata ni kama 27 kwa wastani. Makosa yote yamerundikwa upande mmoja, ndiyo maana upande wa pili umebaki safi.

Ila yote haya yanadai karatasi ziwe zimechanganywa bila hila. Askari anayeijua mbinu anaweza kupanga mzunguko mrefu kwa makusudi. Dawa yake ni wafungwa kukubaliana kwa siri kuyapa masanduku namba mpya za kubahatisha, na asilimia 31 inarudi.

Na mtu mmoja akiruhusiwa kutangulia, kuchungulia masanduku yote na kubadilishana karatasi mbili tu, ataukata mzunguko mrefu katikati. Hapo wanaokoka wote, kwa uhakika wa asilimia 100.