Kanula ipi kwa upasuaji unaohitaji maji mengi? Maswali na majibu

Majibu haya ni ya wauguzi, matabibu na wataalamu wa usingizi wanaoandaa wagonjwa wa upasuaji Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria. Ni ya ndugu wa mgonjwa pia, wanaotaka kujua kwa nini mikono yote miwili imetobolewa na kuwekewa kanula, yaani mirija mifupi ya plastiki ya kupitisha maji na damu mshipani.

Mgonjwa tayari ana kanula ya waridi na dripu inakwenda. Kwa nini awekewe nyingine?

Kwa sababu haitatosha damu ikianza kumwagika. Kanula ya waridi, namba 20, hupitisha takribani mililita 60 kwa dakika, hivyo lita moja huchukua kama dakika 17. Ya kijani, namba 18, huimaliza kwa dakika 10 au 11. Ya kijivu, namba 16, kwa dakika 5 au 6. Ya chungwa, namba 14, kwa dakika 4 hivi. Ya bluu, namba 22, huchukua karibu nusu saa. Namba ikipanda, kanula inazidi kuwa nyembamba. Vipimo hivi vimepatikana kwa maji matupu; ndani ya mshipa kasi hupungua, na kwa damu, ambayo ni nzito, hupungua zaidi.

Mama aliyefikisha siku za kujifungua, mji wake wa mimba hupokea nusu lita ya damu au zaidi kila dakika. Mji ukichanika, kanula ya waridi peke yake haiwezi kufidia.

Mbona tofauti ndogo ya upana inaleta tofauti kubwa hivyo?

Maji yanapopita kwa utulivu kwenye mrija, kasi yake hufuata kipeo cha nne cha nusu kipenyo: upana ukiongezeka mara mbili, kasi huongezeka hadi mara 16. Urefu nao hupunguza kasi. Ndiyo maana mpira mrefu wa shingoni wenye njia tatu, unaoonekana wa maana sana, mara nyingi hushindwa na kanula fupi ya kijivu mkononi. Mpira huo una kazi zake, hasa dawa kali za kupandisha presha, lakini usiuchague kwa ajili ya kukimbiza maji.

Ziwekwe ngapi, na wakati gani?

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa 2008, inataka timu ijiulize kabla ya usingizi: je, mgonjwa anaweza kupoteza zaidi ya mililita 500 za damu, au mililita 7 kwa kila kilo kwa mtoto? Jibu likiwa ndiyo, mtu mzima awekewe kanula mbili pana, namba 16 ikipatikana, au 18, kabla hajalazwa usingizi. Ukisubiri presha ishuke, mishipa itakuwa imesinyaa, na mikono ya mgonjwa imeshafunikwa kwa shuka za upasuaji.

Sehemu gani ni nzuri?

Mkono wa mbele, chini ya kiwiko, penye mshipa ulionyooka. Kwenye mkunjo wa kiwiko mshipa ni mnene, ila mkono ukikunjwa maji husimama. Usitumie mkono wenye njia ya kusafishia figo. Kwa damu inayovuja tumboni, epuka miguu: maji ya mguuni hupita kwenye mishipa ya tumbo na yanaweza kumwagika humo humo.

Kanula pana inauma, kwa hiyo choma kwanza lidokeni, dawa ya ganzi, kidogo chini ya ngozi. Damu ikionekana, laza kanula na uisogeze milimita 2 au 3 zaidi kabla ya kusukuma plastiki, kwani ncha ya sindano imetangulia mbele yake. Ukishachomoa sindano, usiirudishe ndani kamwe; inaweza kukata plastiki na kipande kikaenda na damu.

Kanula ni ya kijivu, lakini maji yanadondoka polepole. Tatizo ni nini?

Fuata mrija wote, kuanzia kwenye chupa hadi kwenye ngozi. Sehemu nyembamba kuliko zote ndiyo inayoamua kasi. Vifuniko vya kuchomea dawa bila sindano, mirija ya nyongeza na viungo vya njia tatu hupunguza kasi hata ya kanula ya chungwa, basi viondoe kwenye njia ya maji ya haraka. Mpira wa matone madogo, 60 kwa mililita, si wa kazi hii. Angalia pia mkanda wa presha: ukijaa kwenye mkono uleule, dripu husimama.

Kisha funua mkono uushike. Ukiwa umevimba, mgumu na wa baridi, maji yanaingia kwenye nyama. Funga dripu hiyo mara moja. Ukitumia mfuko wa shinikizo, unaobana chupa ili maji yaende haraka, toa kwanza hewa yote kwenye chupa laini ya maji, la sivyo hewa itasukumwa hadi moyoni.

Mishipa haionekani kabisa?

Pasha mkono joto, ushushe chini ya usawa wa moyo, kisha tazama mshipa wa nje wa shingo. Mgonjwa akiwa mahututi, usichome mara kumi. Tumia sindano ya kwenye mfupa kama ipo.

Na anayesafirishwa kutoka Ukerewe au Kome?

Kanula ya pili iwekwe kituoni, kabla ya kupanda boti. Chombo kikiyumba, kutafuta mshipa ni kubahatisha. Funga plasta imara, mkono uwekewe kibao, na atafutwe mtu wa kushika chupa juu, kama mita moja kutoka usawa wa moyo. Ikilazwa pembeni ya mgonjwa, dripu husimama na damu hupanda kwenye mpira na kuganda.