Kwa nini krimu ya jua ya Korea ina mchele ndani yake?

Geuza chupa ya krimu ya kukinga jua kutoka Korea Kusini usome viambato vyake: dondoo la mchele, centella, niasinamidi, adenosini, asidi ya hailuroni. Mtu ana haki ya kuuliza, mchele na jua wapi na wapi?

Kwanza, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowekwa kuzuia jua. Kazi hiyo ni ya vichujio. Vipo vya madini, yaani zinki oksaidi na titani dioksaidi, zile poda nyeupe ambazo mara nyingi humwacha mtu mweusi kama aliyepakwa majivu. Vipo pia vya kemikali, kama Tinosorb S na Uvinul A Plus, vinavyofyonza mionzi ya urujuanimno na kuigeuza kuwa joto. Krimu nyingi za Korea hutumia hivi vya pili, na kwa ngozi nyeusi hiyo ni neema kubwa.

Hivyo vingine vinatafuta nini humo? Jibu mojawapo ni sheria. Tangu mwaka 2000 Korea ina kundi la vipodozi vyenye kazi maalumu, na kazi za mwanzo zilikuwa tatu: kukinga jua, kung'arisha ngozi na kupunguza makunyanzi. Chupa moja inaweza kudai zote tatu ikitimiza masharti. Niasinamidi ya asilimia 2 hadi 5 huhesabiwa kwa kung'arisha, adenosini ya asilimia 0.04 kwa makunyanzi.

Niasinamidi ni vitamini B3. Hupunguza usafirishaji wa vifuko vya rangi kutoka seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu ya ngozi, na madoa ya chunusi hufifia polepole. Nalisisitiza hili kwa sababu kwetu neno kung'arisha lina historia chungu: niasinamidi si haidrokwinoni, ile kemikali kali ya kuchubua rangi, wala si zebaki ya kwenye mkorogo.

Ninachokipenda zaidi ni centella, mmea mdogo unaotambaa kwenye majimaji. Wakorea huuita byeongpul. Ndani yake mna asiatikosaidi na madekasosaidi, zinazotuliza ngozi iliyowashwa na kusaidia kidonda kufunga. Jina hilo la pili limebeba Madagaska: madécasse ni neno la zamani la Kifaransa la kuwaita Wamalagasi, na kisiwa hicho ni chimbuko kubwa la centella ya dawa. Wakorea walikuwa wameshaizoea marhamu ya vidonda iitwayo Madecassol kabla mmea huo haujawa mtindo kwenye vipodozi. Kumbe jani la jirani yetu wa Bahari ya Hindi lilishafika Seoul zamani.

Na mchele? Beauty of Joseon, chapa iliyovuma sana, hutangaza asilimia 30 ya dondoo lake katika krimu yake moja. Wakorea waliosha nyuso kwa maji ya mchele tangu zamani. Kama asidi ya hailuroni, mchele husaidia ngozi kushika maji, na krimu hukaa laini isiyonata. Ulaini huo si anasa. Namba ya SPF, yaani kiwango cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa, hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, na watu wengi hupaka nusu ya hapo au chini yake, hasa krimu ikiwa nzito na inakera. Uso na shingo vinahitaji mistari miwili ya krimu, mmoja kwa urefu wa kidole cha shahada, mwingine wa kidole cha kati, kisha urudie kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Krimu inayonata, nani ataipaka kiasi hicho?